Farasi wa Beni aliyepimwa kwa mikanda miwili

BENI – Mwaka 1900, wataalamu wa wanyama huko London walianza kuzungumza juu ya farasi wa msituni anayeishi upande wa Beni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amemwona. Mezani walikuwa na mikanda miwili tu ya ngozi, yenye mistari myeupe na myeusi, ya aina ambayo askari wa ngome ya Beni walikuwa wakijifunga kifuani. Kutokana na mikanda hiyo walitaka kumjua mnyama mzima: ni wa ukoo gani, miguu yake ikoje, kimo chake kinafika wapi.

Leo jina la mnyama huyo linatajwa kila siku katika nyumba zetu, hata na watu ambao hawajawahi kuingia msituni. Radio Okapi, iliyoanza kusikika mwaka 2002, ilichukua jina lake. Okapi ni alama ya ICCN, shirika la taifa linalosimamia mbuga. Lakini wengi wanaolisikia jina hilo hawajui kwamba safari yake kwenda kwenye vitabu vya dunia ilianzia hapa, kwenye ukingo wa Semuliki, na kwamba siku ya kwanza aliandikwa kuwa farasi. Habari hiyo inafaa kusimuliwa wakati huu, ambapo familia nyingi zilizoujua msitu huo zimekimbilia Oicha, mjini Beni na Butembo, na watoto wao wanakua mbali nao.

Farasi mwenyewe si mnyama wa kwetu. Mtu wa Butembo mwenye mzigo wa viazi au mbao anatafuta pikipiki, gari au chukudu, ile ya mbao yenye magurudumu mawili ambayo kijana huisukuma kupanda na kuipanda kushuka. Sababu moja kubwa ya zamani ni mbung'o, inzi anayeuma mchana na kuleta ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha kule Zululand kwamba kijidudu kidogo katika damu ndicho kinachoua ng'ombe na farasi, na kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Farasi aliyeletwa katika nchi ya mbung'o hakukaa muda mrefu. Ndiyo maana habari ya farasi anayeishi kwa raha ndani kabisa ya msitu wa Ituri ilikuwa habari ya kushangaza.

Pale ambapo farasi wanafugwa, mnunuzi wa mwana-farasi huuliza swali lile lile ambalo mfugaji wa Lubero huuliza akitazama ndama sokoni: huyu atafika wapi? Wao hupima kimo toka chini hadi juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, sababu kichwa hupanda na kushuka lakini mabega hayadanganyi. Waingereza huhesabu kwa upana wa kiganja, kipimo walichokiweka kuwa inchi 4, yaani zaidi kidogo ya sentimita 10. Mnyama aliyekomaa asiyezidi sentimita 148 huwekwa kwenye kundi la farasi wafupi, na anayepita hapo huitwa farasi kamili.

Basi kukadiria kimo cha mtoto kunatokana na jambo moja la maumbile. Mwana-farasi huzaliwa na miguu mirefu kupita kiasi, kama mtoto aliyevaa suruali ya kaka yake. Siku ya kwanza huwa tayari ana karibu asilimia 60 hadi 65 ya kimo atakachokuwa nacho akikomaa. Akitimiza mwaka mmoja huwa amefika karibu asilimia 90. Kinachobaki baada ya hapo ni kifua, mgongo na shingo kujaa, na sentimita chache za juu. Mfupa wa mguu ulio chini ya goti hurefuka kidogo sana baada ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo wafugaji wa zamani walichukua kamba, wakapima mguu wa mbele wa mtoto, kisha wakaigeuza kamba ile kwenda juu na kusema: mabega yake yatafika hapa. Wengine walitazama baba na mama tu, na si wajinga waliofanya hivyo, maana kimo hurithiwa. Njia zote hizi hukosea kwa sentimita kadhaa. Chakula kibaya, minyoo au ugonjwa katika mwaka wa kwanza huharibu hesabu yote.

Lakini kuna sharti moja ambalo wafugaji hawalitaji, sababu kwao liko wazi mno. Kamba inafanya kazi kwa yule anayejua ni mnyama gani amesimama mbele yake. Hesabu ya farasi ni ya farasi. Ukimpimia mnyama mwingine, kamba itakupa jibu, nalo litakuwa la uongo. Yaliyotokea kuanzia Beni hadi London ni hayo hasa.

Habari ya kwanza ililetwa na Henry Morton Stanley. Kati ya 1887 na 1889 alipita na msafara wake katika msitu wa Ituri, watu wake wakifa kwa njaa na mishale, na mwisho akateremka bonde la Semuliki chini ya Rwenzori. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 aliandika maneno machache tu juu ya jambo hili: Wambuti hawakushangaa sana kumsikia punda, wakasema kwamba msituni kwao kuna mnyama wa namna hiyo, wanamwita atti, na mara nyingine wanamkamata katika mashimo. Anakula majani. Stanley aliyaandika na kuendelea na mambo yake.

Maneno hayo machache yalimkaa rohoni Mwingereza mwingine, Harry Johnston. Mwaka 1899 Johnston alitumwa Uganda kama mjumbe maalumu wa serikali yake, makao yake yakiwa Entebbe. Muda si mrefu akapata habari ya aibu: mfanyabiashara mmoja alikuwa amewachukua Wambuti kutoka msitu wa Kongo kwa nguvu ili akawaonyeshe watu kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, kama watu wanavyoonyeshwa wanyama. Johnston aliwatoa mikononi mwake, akakaa nao kwa muda, kisha akaamua kuwarudisha kwao.

Katika siku hizo aliwauliza juu ya punda wa msituni wa Stanley. Jibu lao linastahili kuangaliwa kwa makini. Walimwonyesha ngozi ya punda milia iliyokuwa hapo, kisha wakamwonyesha nyumbu wa kufugwa, yule mtoto wa punda na farasi, wakasema mnyama wao anafanana na hivyo viwili: mwili kama wa yule, mistari kama ya hii. Watu hawa walikuwa mbali na nyumbani, wakiulizwa na mgeni kwa lugha isiyo yao, na walichagua mifano iliyokuwa mbele ya macho. Ni jibu zuri. Mtu yeyote anayemjua okapi atakubali kwamba kwa ukubwa wa mwili, rangi ya kahawia iliyoiva na miguu yenye mistari, hawakukosea. Ila hawakusema kwamba ni nyumbu, wala hawakusema ni punda milia. Johnston ndiye aliyejaza pengo hilo kwa jina lililokuwa tayari kichwani mwake.

Mwaka 1900 alivuka Semuliki pamoja nao na kufika ngome ambayo wazungu wa wakati huo waliiandika Fort Mbeni. Msomaji asiifikirie Beni ya leo yenye Boulevard Nyamwisi na maduka yake. Kilikuwa kituo cha Dola Huru la Kongo, mali ya mfalme Leopold II, karibu na mto, mashariki ya mji wa sasa. Kiongozi wake alikuwa luteni aliyeitwa Meura, na chini yake Mswidi aliyeitwa Karl Eriksson. Hawa hawakuona ajabu yoyote katika maswali ya mgeni. Mnyama huyo walimjua. Askari wao walikuwa wakila nyama yake na kukata ngozi yake kuwa mikanda ya kifuani na ya kiunoni. Ngozi nzima haikuwepo siku hiyo, ila mikanda ilikuwepo, na Johnston akapewa.

Hapo kuna jambo la kucheka kidogo, na la kuhuzunisha pia. Kitu ambacho kule Ulaya kilikuja kuitwa ugunduzi mkubwa kabisa wa wanyama wa wakati ule, hapa kilikuwa kimefungwa kifuani mwa askari wa zamu. Wambuti walikuwa wanamjua kwa njia ya mtego. Wambuba, wakulima wa ukingo wa msitu wa Beni, walimjua kwa jina, na neno okapi limetoka katika vinywa vya watu wa pande hizi, ingawa Johnston alilisikia kwa namna zaidi ya moja, mara okapi, mara o'api kwa ile sauti ya kukata koo ya Wambuti. Hakuna aliyekuwa akimtafuta mgunduzi.

Johnston hakutaka kuridhika na mikanda. Aliingia msituni na viongozi wa njia ili amwone mnyama mwenyewe. Wakatembea katika joto na matope, na siku moja wale viongozi wakasimama, wakamwonyesha chini: nyayo zake ni hizi. Johnston akainama, akaangalia. Nyayo zilikuwa za kwato iliyopasuka katikati, kama ya ng'ombe au mbuzi. Farasi, punda na punda milia wana kwato moja nzima kwa kila mguu. Hii si farasi, akawaza, basi viongozi wamekosea au wananidanganya, hizi ni nyayo za pofu. Hakuzifuata. Siku chache baadaye homa iliwashika watu wa msafara, wakarudi bila kumwona.

Katika habari nzima, pale ndipo mahali pa kusimama. Kwenye udongo laini wa msitu wa Beni jibu lilikuwa limeandikwa wazi, na watu waliojua kusoma walimsomea. Hakukosa macho. Alikuwa na farasi kichwani, na nyayo zisizolingana na farasi wake akazitupa, akabaki na farasi.

Mikanda ilipelekwa London kwenye chama cha elimu ya wanyama. Katibu wake, Philip Sclater, aliikagua na kutoa jina la kisayansi: Equus johnstoni, yaani farasi wa Johnston. Kwa heshima yake ni lazima kusema kwamba aliweka alama ya kuuliza kwenye neno Equus. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba mistari ya ngozi haionyeshi kwato, wala meno, wala kimo. Lakini jina likishaandikwa hutembea lenyewe, na alama ya kuuliza hubaki nyuma njiani. Magazeti ya Ulaya yalikuwa na farasi mpya wa Afrika, tena wa msituni, na kila mtu akamchora kichwani mwake kwa kipimo cha punda milia.

Je, ingewezekana kukadiria ukubwa kutokana na mikanda ile? Mistari ya okapi haiko mwili mzima. Iko kwenye matako, mapaja na sehemu ya juu ya miguu ya mbele. Mgongo, tumbo na shingo ni kahawia iliyokolea, karibu na rangi ya chokoleti. Askari walipokata mikanda walichagua sehemu yenye mistari, sababu ni nzuri kwa macho. Kwa hiyo mtu wa London aliyeshika mkanda aliona punda milia mzima akilini, mistari kutoka masikioni hadi mkiani, wakati mnyama mwenyewe ana mistari nyuma na miguuni tu. Sehemu iliyopendeza zaidi ndiyo iliyodanganya zaidi.

Meura alikuwa ameahidi kutafuta ngozi nzima. Alikufa kabla ya kutimiza ahadi. Eriksson ndiye aliyeitimiza: mwaka 1901 alimpelekea Johnston huko Uganda ngozi kamili na mafuvu mawili ya kichwa. Johnston alipoifungua mizigo, farasi alikufa siku hiyo hiyo. Kwato zilikuwa zimepasuka, kama zile nyayo alizozikataa. Na katika taya la chini kulikuwa na jino la pembeni lenye umbo la pekee, limegawanyika kama jani lenye ncha mbili. Kati ya wanyama walio hai, jino la namna hiyo lilijulikana kwa mmoja tu, naye ni twiga.

Mtaalamu Ray Lankester wa makumbusho ya London akampa mnyama jenasi yake mwenyewe mwaka huo huo wa 1901, Okapia, na jina la mtu likabaki nyuma yake: Okapia johnstoni. Yule aliyedhaniwa kuwa ndugu wa punda ni ndugu wa twiga, mwenye shingo fupi, anayeishi mahali ambapo shingo ndefu ingekwama kwenye matawi. Ulimi wake mrefu na mweusi, unaovuta majani na kufika hadi kwenye macho na masikio, ungeweza kuwaambia jambo hilo mapema, lakini ulimi haukuwekwa kwenye mkanda.

Kosa la kukadiria halikuishia hapo. Vipande vingine vilianza kufika Ulaya, vingine vya wanyama wadogo, vingine vya madume, vingine vya majike. Mwaka 1902 yalitolewa majina mawili mapya, Okapia liebrechtsi na Okapia erikssoni, kana kwamba msitu wa Kongo una okapi wa aina tatu. Baadaye ikaonekana ni mnyama yule yule mmoja. Dume la okapi lina pembe fupi zilizofunikwa na ngozi, lakini hazioti siku moja, hujitokeza polepole katika miaka ya ujana. Jike kwa kawaida hana pembe, na tena ni mrefu na mzito kidogo kuliko dume. Ukiweka mezani fuvu la jike, fuvu la dume kijana na fuvu la dume zee, bila kujua umri wala jinsia, utaona wanyama watatu. Mfugaji yeyote wa mbuzi angeuliza kwanza: huyu alikuwa na umri gani?

Na umri wa okapi ni hesabu ya peke yake. Mama hubeba mimba kwa miezi 14 hadi 15. Mtoto huzaliwa na uzito wa kilo 14 hadi 30, kimo chake mabegani kikiwa kama sentimita 75 hadi 80, na ndani ya nusu saa huwa anajaribu kusimama. Akikomaa anafika karibu mita moja na nusu mabegani, na uzito wa kilo 200 hadi 350. Sasa chukua kamba ya wafugaji wa farasi. Mtoto wa sentimita 80, kwa hesabu ya farasi ya asilimia 62, angekadiriwa kuwa atakomea karibu sentimita 130. Ukweli unampita kwa sentimita 20. Farasi huzaliwa akiwa amekwisha kurefuka zaidi ya nusu kwa mbali, okapi huzaliwa akiwa amepita nusu kidogo tu, na safari iliyobaki ni ndefu. Anafika ukubwa wake akikaribia miaka mitatu. Na kwa kuwa mita moja na nusu ni karibu viganja 15, okapi aliyekomaa angepita ule mpaka wa farasi wafupi. Kwa kimo tu angekubaliwa kuwa farasi kamili, jambo ambalo lingemfurahisha Sclater.

Kuna sababu kwa nini wazungu walichelewa kumwona mtoto wa okapi. Katika siku za kwanza humfuata mama kidogo, kisha huchagua mahali penye kichaka na kulala hapo, kimya, kwa muda wa wiki nyingi, hata kufikia miezi miwili. Mama hutoka kwenda kula na kurudi kumnyonyesha. Mtoto hatoi kinyesi kwa mwezi mzima na zaidi, ili chui asipate harufu. Katika mwezi huo wa kwanza uzito wake huongezeka karibu mara mbili. Anakua haraka mahali ambapo hakuna anayemwona, na wawindaji wa Wambuti, ambao ndio pekee waliopita karibu na vichaka hivyo, hawakuandika vitabu.

Wabelgiji walipotaka kumpeleka hai Ulaya, waligundua kwamba kumkuza ni kazi nyingine kuliko kumkamata. Okapi wa kwanza aliyefika bustani ya wanyama ya Antwerp mwaka 1919 aliishi kama siku 50 tu. Mwingine aliyefika mwaka 1928 aliishi hapo miaka 15. Ilichukua hadi mwaka 1957, kule Vincennes karibu na Paris, ndipo mtoto wa okapi aliyezaliwa Ulaya akakua na kuwa mkubwa. Miaka 56 ilikuwa imepita toka mafuvu ya Eriksson. Kwa muda wote huo, swali la mtoto huyu atafika wapi lilikuwa na jibu la uhakika katika msitu wetu tu.

Ndani ya Kongo, kituo cha Epulu upande wa Mambasa kilikuwa mahali pa kukamata na kutunza okapi, na mwaka 1992 ilianzishwa Mbuga ya Wanyama ya Okapi, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 13,000. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaiandika kati ya urithi ulio hatarini. Tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai Simba walishambulia Epulu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni wakafa. Wanyama hao walikuwa wamezoea watu. Mwaka 2013 okapi aliwekwa na muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, kwenye daraja la wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Upande wa Beni mambo yalikwenda kwa njia yake. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika teritware ya Beni yamewatoa watu vijijini kwa maelfu: Mbau, Eringeti, Oicha, barabara ya Mbau kwenda Kamango, na baadaye hadi Ituri. Tangu Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Msitu ambao baba aliingia kutega, kutafuta asali au kukata fito, umekuwa mahali ambapo mtu haingii akirudi salama bila bahati. Mzee wa Kimbuti au wa Kimbuba aliyekaa leo kwenye uwanja wa shule au kwenye ua wa familia iliyompokea anajua kutofautisha nyayo ya nyati na ya okapi. Mjukuu wake, aliyezaliwa mjini baada ya 2014, hajui, na hakuna msitu karibu wa kumwonyeshea. Wakiulizwa kesho na mgeni mwingine mwenye daftari, nani atamwinamisha aangalie chini?

Kitivo cha udaktari wa mifugo kiko Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na hilo neno Graben linataja lile bonde kubwa la ufa ambalo Semuliki inapita ndani yake. Ni kilomita chache tu za barabara kati ya madarasa hayo na familia za wahamaji kutoka msituni. Kuandika majina ya nyayo, majani anayoyala okapi, vichaka anavyomfichia mtoto, kwa Kimbuba na Kilese na Kiswahili, hakuhitaji ndege wala maabara. Kunahitaji mtu akae chini na wazee hao na kuwaamini, kitu ambacho Johnston, pamoja na wema wote aliowafanyia wale Wambuti wa Paris, alishindwa kukifanya kwa dakika moja iliyokuwa na maana.

Mnyama mwenyewe hajaondoka kabisa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba upande wa Virunga, karibu na mahali alipopatikana mara ya kwanza, okapi wamekwisha. Mwaka 2006 wachunguzi waliona alama zake katika msitu wa Watalinga. Mwaka 2008 ICCN na chama cha elimu ya wanyama cha London, kile kile kilichopokea mikanda miwili, waliweka kamera zinazojipiga zenyewe kwenye njia za wanyama, chini, kwenye kimo cha magoti ya mtu. Picha zikatoka, za kwanza kabisa kupigwa kwa okapi akiwa huru msituni. Nyingine zilipigwa usiku.